Santuri ya Köln na Istilahi Zake

Si desturi ya kurasa hizi kupima santuri. Kazi yetu ni maneno, na muziki una wajuzi wake. Lakini santuri mbili zilizotufikia mezani, zilizochapwa upya na kampuni ya ECM ya Munich, zimetuletea mzigo wa maneno ambao hatukuona vema kuupitisha kimya. Rekodi yenyewe ni ya mpiga piano wa Marekani, Keith Jarrett, nayo yaitwa The Köln Concert. Ilichukuliwa usiku wa Ijumaa, tarehe 24 Januari 1975, katika jumba la opera la mji wa Köln, katika nchi ambayo wakati ule ilikuwa Ujerumani ya Magharibi, ikatolewa mwaka huo huo. Tangu hapo zimeuzwa nakala zaidi ya milioni tatu, na ni rekodi chache mno za mpigaji mmoja na piano yake zilizopata kuuzwa kiasi hicho. Mwaka 2025, ilipotimiza miaka 50, Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha yake ya rekodi za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa.

Sasa tumfikirie mtunza maktaba aliyepewa santuri hizi aziandikie kadi kwa Kiswahili. Ana mstari mmoja tu. Akifuata maneno yaliyozagaa magazetini na redioni, ataandika hivi: "Toleo jipya la santuri ya onyesho la moja kwa moja la kinanda cha jazi." Sarufi ya mstari huo haina doa. Walakini kila neno kuu lililomo, isipokuwa "santuri", humpoteza msomaji njia. Na lile neno moja ambalo lingemwonyesha njia halimo kabisa.

Tuanze na "kinanda", kwa kuwa ndilo linaloharibu zaidi. Kamusi za wamisionari wa karne ya 19 zilikieleza kinanda kuwa ala ya nyuzi. Baadaye jina likahamia kwenye ala za Kizungu, na kwa Wakristo wengi wa bara kinanda leo ni kile cha kanisani, kinachotoa sauti kwa nguvu ya pumzi, na ambacho sauti yake haikatiki maadamu kidole kimekaa mahali pake. Piano haiko hivyo. Ndani ya piano nyundo ndogo hugonga waya, na tangu dakika ile waya ulipogongwa sauti huanza kufa. Mpigaji aweza kuichelewesha kidogo kwa kukanyaga pedali, lakini hawezi kuizuia isife. Akiitaka tena hana budi kugonga tena. (Tukizungumzia ala za kugongwa, yafaa kukumbuka kwamba santuri nayo, kabla ya kuwa jina la sahani ya muziki, ni jina la ala ya Uajemi yenye nyuzi zinazogongwa kwa vijiti. Kwa namna hiyo neno "santuri" lina ujamaa wa karibu zaidi na piano kuliko lilivyo neno "kinanda".)

Tofauti hii si ya mafundi peke yao. Katika usiku ule wa Köln, ndiyo iliyoamua muziki wote. Jarrett alikuwa ameomba apewe piano aina ya Bösendorfer Imperial, ambayo ina urefu wa sentimita 290 na vibonyezo 97, ilhali piano ya kawaida ina 88. Alichokikuta jukwaani kilikuwa piano ndogo ya mazoezi, isiyolingana sauti, yenye sauti za juu nyembamba kama bati, sauti za chini dhaifu, na pedali zisizofanya kazi barabara. Aliyeandaa onyesho, Vera Brandes, alikuwa msichana wa miaka 18. Mpigaji mwenyewe alikuwa amesafiri kwa gari kutoka Uswisi, mgongo ukimwuma, na alikaribia kukataa kupiga. Mafundi walihangaika na piano ile kwa saa kadhaa ili angalau ilingane. Saa tano na nusu usiku, baada ya opera ya jioni kwisha, Jarrett akakaa mbele ya watu wapatao 1,400, na mitambo ya kurekodia, ambayo ilikuwa imekwisha kutegwa, ikaanza kuzunguka.

Sikilizeni basi alichofanya. Mkono wa kushoto, mahali ambapo piano kubwa ingemwachia sauti nzito ya chini idumu yenyewe, unagonga na kugonga tena kifungu kile kile kifupi. Katika sehemu ya kwanza yapo mafungu mawili tu ya sauti anayopokezana kwa karibu dakika 12, mara polepole kama mtu anayewaza, mara kwa mwendo wa nyimbo za makanisa ya Wamarekani Weusi. Sehemu ya pili yaanza vivyo hivyo, kifungu kimoja cha mkono wa kushoto kikirudiwa kwa muda wa dakika kama nane. Sauti isiyodumu inadumishwa kwa kurudiwa. Mkono wa kulia nao unakaa zaidi katikati, mbali na zile sauti za juu zilizo kama bati. Manfred Eicher, mwenye kampuni na msimamizi wa rekodi hii, alikuja kueleza baadaye kwamba pengine Jarrett alipiga vile kwa sababu piano haikuwa nzuri. Twaafiki, na twaongeza kwamba msomaji aliyeambiwa "kinanda" hawezi kulielewa jambo hili hata kidogo. Kwenye kinanda cha kanisani sauti ya chini hudumu bila jasho. Mtu atasikia marudio yale na kuyaona uvivu, kumbe ni kazi ya kuiokoa sauti isizame. Kwa hiyo piano na iitwe piano. Neno hili limetoholewa zamani, linatamkika bila taabu, na halijaazimwa kwa ala nyingine.

Hatusemi kwamba kila dakika ni dhahabu. Kuna mahali katika upande wa tatu ambapo marudio yamechoka kabla ya mpigaji kukubali kuyaacha, na utamu wa baadhi ya vifungu wakaribia ule wa muziki unaowekwa hotelini ili watu wale chakula bila kuzozana. Jarrett mwenyewe hakuficha kwamba umaarufu wa rekodi hii ulimchosha. Lakini zile dakika za mwisho za upande wa kwanza, ambapo wimbo unafunguka na mtu anasikika akiguna na kupiga mguu chini kwa juhudi, hazikuchakaa.

Juu ya "jazi" twajua tutapata wapinzani. Neno hili halikuingia katika Kiswahili kwa njia ya piano. Liliingia kwa bendi za dansi. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932. Zikaja Morogoro Jazz, Western Jazz, na mwaka 1964 Nuta Jazz. Na ng'ambo ya ziwa, mjini Kinshasa, ambao wakati huo uliitwa Léopoldville, OK Jazz ilianza mwaka 1956. Kwa vizazi vitatu vya wasemaji wa lugha hii, jazi ni magitaa, saksafoni, tumba, mwimbaji, na watu kusimama kucheza. Mzee wa Tabora akiambiwa kuna santuri ya jazi ya mtu mmoja aliyepiga kwa saa nzima bila mwimbaji, na watu wakakaa vitini kimya, atauliza kwa haki kabisa kama bendi ilikuwa imegoma.

Wako wataalamu wanaotaka turekebishe matumizi hayo. Husema kwamba bendi zetu zilijipachika jina lisilo lao, na kwamba jazi "halisi" ni ile ya Marekani. Hivyo kamusi yapaswa kutoa maana ya Kimarekani kwanza na ya kwetu iwe ya pili, tena ikiwekewa alama ya kwamba si sanifu. Sisi twapinga. Neno ni mali ya wanaolitumia. Dansi ya Morogoro haikuwa jaribio lililoshindwa la kuiga muziki wa New Orleans. Ilikuwa muziki kamili, nao wenyewe wakauita jazi, na watu wakaelewa. Kulivua neno maana hiyo leo ni kuwanyang'anya marehemu jina walilolitumikia maisha yao yote. "Jazi" pekee yake ibaki na maana yake ya Afrika Mashariki na Kongo. Muziki ule mwingine tuuite "jazi ya Kimarekani", maneno mawili ambayo hayamdhulumu mtu.

Na hata huko kwao jina lenyewe linayumba. Jarrett alipata malezi ya jazi ya Kimarekani bila shaka: alipiga katika kundi la Art Blakey, la Charles Lloyd, kisha la Miles Davis. Lakini asikilizaye rekodi ya Köln atasikia humo nyimbo za kanisa, nyimbo za wakulima, na mwangwi wa muziki wa Ulaya, kuliko yale mapigo ya kuning'inia ambayo wajuzi wa jazi ya Kimarekani huyataja kuwa alama yake. Wapo wahakiki wa kwao walioona shaka kuiweka rekodi hii katika rafu hiyo. Yaelekea jina hapa lamwelezea mpigaji alikotoka zaidi kuliko alichokipiga.

"Moja kwa moja" halitatuchukua muda. Usemi huu ulifanyiwa kazi nzuri na watangazaji wa mpira: sauti yamfikia msikilizaji wakati ule ule jambo linapotendeka. Mtu anayeweka santuri nyumbani kwake zaidi ya miaka 50 baada ya tukio hapati chochote moja kwa moja. Wengine huandika "rekodi hai", na sisi twawauliza rekodi iliyokufa inafananaje. Tulipendelea kwa kitambo "rekodi ya hadhara", kwa kuwa hadhara ni mbele ya watu. Lakini kila tulipolitamka ofisini, wenzetu waliuliza mgeni rasmi ni nani. Twapendekeza "rekodi ya ukumbini". Lakini twatahadharisha kwamba dhana ya kigeni hapa hubeba mambo mawili kwa pamoja: kwamba watu walikuwapo, na kwamba muziki haukukatwa na kuungwa. Mambo hayo hayaendi pamoja sikuzote. Bendi zetu zilipokwenda kurekodi katika studio za redio mjini Dar es Salaam zilipiga wimbo mzima kwa pamoja, tangu mwanzo hadi mwisho, wala hapakuwa na hadhira ila fundi mitambo. Zile zilikuwa rekodi zisizokatwa lakini si za ukumbini. Ya Köln yapaswa kuelezwa kwa yote mawili. Na watu kweli wamo ndani yake: mwanzo kabisa, baada ya sauti chache za kwanza, kicheko kidogo chasikika. Yasimuliwa kwamba Jarrett alianza kwa kuiga kengele ya jumba lile, ile inayowaita watu warudi vitini, nao wakaitambua.

Twafika sasa kwenye neno ambalo kadi yetu haina. Muziki huu haukuwa umetungwa. Mpigaji alikaa na kuanza, na ulipatikana kwa kadiri alivyoendelea. Jambo hili Kiswahili kimekuwa kikilieleza kwa kuchechemea. "Papo hapo" lasema juu ya wakati tu, na kwa mtumishi wa serikali laleta kwanza sura ya faini ya barabarani. "Bila maandalizi" ni uongo: mtu aliyepiga tangu utotoni, ambaye alikwisha kutoa mwaka 1973 santuri tatu za maonyesho ya namna hii ya Bremen na Lausanne, hawezi kusemwa kuwa hakujiandaa. "Kubahatisha" ni tusi. Zipo pia juhudi za kuunda neno jipya kutokana na kitenzi "buni". Hatuzilaumu, ila kubuni kwaweza kuchukua mwaka mzima mezani, na hapa hapakuwa na meza.

Wakati tukihangaika na mashina, visiwani neno limekaa tayari, na watu wanalitumia. Katika taarabu ya Zanzibar, ile ya vikundi kama Ikhwani Safaa kilichoanza mwaka 1905, mpiga udi, kanuni au fidla huachiwa peke yake nafasi kabla ya wimbo, wenziwe wakinyamaza, atembeze vidole katika ngazi ya sauti za wimbo unaokuja. Hakuna aliyemwandikia apige nini. Hiyo ndiyo taksimu. Shina lake la Kiarabu ni la kugawanya, ndilo hilo hilo lililotupa "kukasimu" madaraka, kwa hiyo maofisa wanaotusoma tayari wana nusu ya neno midomoni. Na taksimu si kubahatisha. Mpigaji huja na ngazi yake ya sauti, mazoea ya mwalimu wake, na vifungu alivyovirithi, kama malenga ajibuye shairi papo kwa papo ajavyo na vina na mizani. Kinachozaliwa pale ni njia aliyopita usiku huo miongoni mwa vitu alivyokuwa navyo.

Twaona taksimu ndilo jina la haki kwa dhana hii kwa jumla, si kwa taarabu peke yake, na kitenzi chake kiwe "kupiga taksimu". Tutaambiwa kwamba ni neno la Zanzibar na la muziki wenye asili ya Uarabuni, kwamba watu wa bara hawalijui. Hawalijui leo. Maneno mangapi ya mahakama na ya sokoni, ambayo leo mtu wa Mbeya huyasema bila kufikiri, yalitoka pwani kwa njia iyo hiyo? Tutaambiwa pia kwamba taksimu si sawasawa na alichofanya Jarrett, na hapo wapinzani wana hoja yenye uzito. Taksimu ya taarabu ni fupi. Hukaa katika ngazi yake. Na zaidi ya yote, huelekea mahali. Baada yake wimbo waja, na msikilizaji hujua kwamba waja. Taksimu ya Köln ni ya karibu saa moja, huhama ngazi apendavyo mwenyewe, na yaonekana haielekei wimbo wowote. Je, mlango usio na nyumba waweza kuitwa mlango? Swali hili tutalirudia, kwa sababu jibu lake limefichwa katika santuri zenyewe, upande wa mwisho.

Kabla ya hapo, "toleo jipya". Wachapaji wetu wa vitabu walikwisha kututengenezea tofauti nzuri ambayo haifai kupotezwa. Chapa ya pili ni kitabu kile kile kilichorudi mtamboni. Toleo la pili ni kitabu kilichopitiwa, kikapunguzwa au kikaongezwa. Mwalimu anayeagiza vitabu vya darasa hupata hasara ya kweli asipoijua tofauti hiyo. Santuri hizi, kwa jinsi tulivyozisikiliza, ni chapa mpya. Muziki ni ule ule, mpangilio wa pande nne ni ule ule, wala hakuna dakika iliyoongezwa. Piano bado ni mbovu, na twashukuru: kama wangejaribu kuitibu kwa mitambo ya leo wangetuuzia kitu kingine. Anayetangaza "toleo jipya" humfanya mnunuzi atazamie kisichokuwamo.

Kasoro za chapa ya kwanza nazo zimebaki, na baadhi yake zatokana na santuri yenyewe. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, santuri za wakati ule, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilichukua dakika zipatazo tatu kila upande, na nyimbo za usiku mzima hazikuwa na budi kukatwa zienee humo. Santuri ndefu iliyoanza kuuzwa mwaka 1948 ilipanua nafasi, lakini haikuondoa ukuta. Upande wa kwanza wa rekodi ya Köln una dakika 26, ambazo ni nyingi mno kwa upande mmoja: mifereji hulazimika kubanana, na ili sindano isiruke kutoka mfereji mmoja hadi mwingine sauti hupunguzwa. Upande wa nne una dakika saba tu na nafasi tele. Kwa hiyo mahali penye kazi kubwa kuliko pote pamepewa sauti ndogo, na penye wepesi pakapewa upana. Msikilizaji huinua sauti mwanzoni na kuishusha mwishoni, kama dereva apandaye Kitonga.

Kuna jambo jingine hapa ambalo wafasiri watalipenda. Kwa miaka mingi Jarrett hakukubali muziki huu uandikwe kwa nota. Hatimaye nota zikachapishwa mwaka 1991, kwa sharti kwamba mpiga piano anayezitumia achukue rekodi kuwa hakimu wa mwisho. Sote tunajua kifungu cha namna hiyo katika mikataba ya lugha mbili: nakala mbili zikipingana, ipo moja itakayofuatwa. Kwa kawaida katika muziki wa Ulaya maandishi ndiyo asili na upigaji ni tafsiri yake. Hapa mambo yamepinduka. Asili ni sauti, na maandishi ni tafsiri, tena ya mtu mwingine. Na kwa kuwa Jarrett alipatwa na kiharusi mara mbili mwaka 2018 na hakurudi tena jukwaani, hatutapata kutoka kwake taksimu nyingine ya kulinganisha nayo. Ndiyo maana twashikilia kwamba mtu asiite chapa kuwa toleo. Matini ikiwa ni moja tu, jina la nakala yake lataka uaminifu zaidi.

Sasa turudi kwenye swali tuliloliacha. Muziki huu hauna majina ya nyimbo. Jaladani mna "sehemu" tu: ya I, ya II a, ya II b na ya II c. Msomaji wa kawaida, hasa yule aliyezoea sheria na nyaraka za serikali, ataamini kwamba a, b na c ni vifungu vitatu vya kitu kimoja, vilivyogawanywa kwa kipimo kimoja. Sivyo. Sehemu ya II a na ya II b zilikuwa mwendo mmoja mrefu, wa nusu saa na ushei, uliokatwa vipande viwili kwa sababu usingeenea katika upande mmoja wa santuri. Herufi hizo mbili hazisemi lolote juu ya muziki. Zasema juu ya upana wa sahani. Leo, hata mtu akisikiliza kwa mtambo usio na pande, mkato ule bado upo, na wanafunzi huandika insha kuueleza kana kwamba Jarrett alifika mahali akafunga mlango.

Na c si mtoto wa mama huyo hata kidogo. Baada ya muziki kwisha watu walipiga makofi wakataka zaidi, naye akarudi akawapa nyongeza ya dakika saba. Nyongeza hiyo haikuwa taksimu. Ilikuwa wimbo uliokwisha kutungwa kabla ya usiku ule, wenye umbo lake na mwisho wake, nao wajulikana miongoni mwa wapiga piano kwa jina la Memories of Tomorrow. Ulipoingizwa jaladani kama "sehemu ya II c", jina lake lilifutwa, na wasikilizaji wengi wakausifu kama ajabu ya papo hapo: tazama, walisema, jinsi umbo kamili lilivyozuka katika hewa tupu! Sifa ile ilikuwa ya herufi moja iliyowekwa mahali pasipo pake.

Wapinzani wa taksimu watuvumilie basi. Walisema taksimu hutangulia wimbo, na kwamba Köln hapakuwa na wimbo. Ulikuwapo. Ulichelewa, ukaja baada ya makofi, lakini ulikuja, na mtu akiupiga upande wa nne mara baada ya kuumaliza wa tatu, bila kutazama jalada, ataisikia nafuu ile ile aipatayo mpenzi wa taarabu wakati fidla inaponyamaza na kundi zima linapoingia. Hatudai kwamba Jarrett alikusudia hivyo, wala kwamba alipata kusikia taarabu. Twasema tu kwamba neno la kwetu limetuwezesha kusikia mpangilio wa usiku ule ambao jalada lenyewe limeuficha.

Kwenye kadi yetu upande wa kwanza tumeuandika "Taksimu ya kwanza", wa pili na wa tatu "Taksimu ya pili, imekatwa na santuri", na wa nne "Nyongeza: Memories of Tomorrow, wimbo".